Mwaka Kazi Ilipohamia Uani

Padri alisema marehemu alikuwa mama mpole, mwenye maneno machache na mkono wa huruma, na waombolezaji wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani pamoja na akina mama wenzangu, nikauma ukingo wa mtandio nisije nikacheka msibani. Mpole! Mama Esta niliyemjua mimi alimvunja mtu mzima mkono kwa mchi wa kutwangia, mchana kweupe, uani kwetu Makote, Newala, na mfupa ule ulipolia nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kuusikia. Mkono wa huruma, sawa, hilo sikatai. Lakini padri alikuwa kijana aliyehamishiwa Masasi juzijuzi. Alimkuta bibi kizee anayefagia kanisa na kugawia watoto karanga, akadhani amezaliwa hivyo.

Baada ya maziko tulirudi nyumbani kwa marehemu, chini kabisa ya mlima wa jiwe, mahali ambapo jua la asubuhi huchelewa kufika. Sufuria za wali zilikuwa zimeinjikwa, wanaume wako turubaini, wanawake tunachambua mchele na kusemana. Binti yangu Somoe, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye kazi ya ofisi moja ya Dar es Salaam anayoifanyia mezani kwake hapa hapa Masasi, alikuwa amejibanza nyuma ya jiko na kompyuta mapajani, visikizio masikioni. Mwanawe mdogo akaanza kulia. Somoe akagusa kitu kwenye ile kompyuta kuzima sauti, akanitazama kwa macho ya kuomba. "Mama, nichukulie huyu, tafadhali. Bosi hataki kusikia sauti ya mtoto." Nilimchukua mjukuu wangu, nikaenda naye upande wa pili, na damu ilinichemka mpaka masikioni. Wenzangu wakadhani ni majonzi, mmoja akanipa maji. Haikuwa majonzi. Maneno yale yale niliyasikia kwetu Makote kabla Somoe mwenyewe hajajua kutamka jina lake, na aliyeyasema wakati ule hakuwa mbali kwenye kompyuta, alikuwa amesimama juu ya kichwa changu na ufito mkononi.

Sitaeleza hapa nilizaliwa wapi wala baba yake Somoe alikwenda wapi, aliyekwenda kaenda. Nianzie kwenye geti la kiwanda. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila kitu kikinunulika na kila mtu akiuza, na kiwanda cha korosho tulichokuwa tukifanyia kazi mimi na Mama Esta kikafungwa mnyororo getini. Mashine zikabaki ndani zinaota kutu. Matajiri wakaruhusiwa kuja wenyewe kununua korosho, na mmoja wao, tajiri mmoja wa Masasi, akaona hakuna haja ya kujenga kiwanda ilhali wanawake wana nyua zao, kuni zao na mikono yao. Akawa anatuletea magunia ya korosho ghafi nyumbani, sisi tunachoma, tunabangua, tunamenya ngozi, tunamrudishia korosho nyeupe. Wanaume walitupongeza. Mmekuwa mabosi sasa, wakasema, mnafanya kazi mmekaa kwenye vibaraza vyenu na watoto wenu pembeni. Nami nilifurahi, sitasema uongo. Somoe alikuwa ndiyo kwanza anatembea, na nilidhani nimepata vyote viwili. Lakini kiwandani kulikuwa na king'ora cha kuanza na king'ora cha kumaliza. Ukisikia cha kumaliza, unanawa, unakwenda kumchukua mwanao kwa jirani, basi, umekuwa mama. Kazi ilipohamia uani, king'ora hakikuhama nayo.

Tulikuwa na vyumba viwili vilivyotazamana, changu na cha Mama Esta, na ua mmoja katikati. Yeye alikuwa Mmakua wa Masasi, amenizidi umri kama dada mkubwa, mfupi, mabega mapana, anasali Jumapili na kutukana Jumatatu. Magunia ya tajiri yalilala ndani kwa sababu ya wezi na mvua, na sisi tukalala palipobaki. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, kinu, ndoo mbili za maji yaliyopandishwa kichwani kutoka bondeni, na magunia mpaka darini. Nguo zilinuka korosho, ugali wa muhogo ulinuka korosho, hata maziwa yangu nadhani yalinuka korosho. Moshi wa maganda yale si moshi wa kuni. Unakata koo na kutoa machozi, na mafuta yake ukiyaacha juu ya ngozi yanaichubua mpaka nyama nyekundu. Kwa hiyo wanawake wa kwetu, toka zamani za bibi zetu, hawabangui bila majivu. Unaweka bakuli la majivu kando yako, unachovya vidole, unavunja, unachovya tena. Na korosho zikitoka motoni zinawaka, unazimwaga chini na kuzifunika majivu au mchanga, zinanyamaza. Maji hatukuyatumia kwa kazi ile. Maji kule kwetu juu mlimani ni ya kunywa, na tena kila mtoto wa Newala anajua kwamba moto wa korosho haupendi maji.

Msimamizi wa tajiri tulimwita Karani, kwa sababu ya kalamu aliyoichomeka sikioni. Jina lake silitaji, ana watoto. Alikuwa mtu wa kuja, aliyezijua korosho zikiwa ndani ya gunia tu. Alifika na pikapu asubuhi yoyote aliyotaka, bila hodi, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuinua ungo na kutafuta zilizopasuka. Tajiri alitaka nzima. Akikuta vipande vingi anamwaga ungo wote chini, mbele ya kuku. Bi Mwanahamisi wa nyumba ya tatu alijibu siku moja kwamba mikono inatetemeka kwa njaa, akachapwa ufito wa shingoni mbele ya wakwe zake, na hakuna aliyenyanyuka. Mama Esta alinishika goti. "Kazi mbaya si mchezo mwema," akaninong'oneza, na nikamwona ameuma meno mpaka taya limesimama.

Kisha Karani akaanza na watoto. Alikuta unywele kwenye korosho, akasema wa mtoto. Alikuta alama ya jino, akasema ya mtoto. Somoe alikuwa amekaa miguuni pangu anatafuna ming'oko iliyochemshwa, ile mizizi ya porini, mdomo mweupe, na yule bwana akachuchumaa, akamshika taya, akamfungua kinywa kwa vidole viwili kama mtu anayekagua mbuzi mnadani. Mtoto akapaliwa. Karani akachomoa kile kipande cha ming'oko, akakinusa, akakitupa, akajifuta vidole kwenye kanga yangu. "Bahati yako," akasema huku anasimama, ufito mkononi. "Tajiri hataki kusikia sauti ya mtoto kwenye mali yake. Kuanzia leo wakati wa kazi afungiwe ndani. Mama Somoe, chagua, mtoto au kazi." Nilisema, "Sawa, baba." Ndiyo, nilimwita baba, na hata sasa neno lile linanikera. Nikachana ukanda wa kanga, nikamfunga Somoe kiunoni, ncha ya pili nikaifunga kwenye mwimo wa mlango, ndani kidogo ya kizingiti, ili anione na asinifikie. Alilia mpaka sauti ikakauka. Nilibangua huku nimempa mgongo, na nikiona korosho imepasuka nilijua ni kilio kile kilichoipasua.

Haikupita muda mrefu Karani akaja na amri nyingine. Wanunuzi wa tajiri walilalamika kwamba korosho zina vumbi la kijivu, na zingine zina chembe za mchanga. Kwa hiyo majivu marufuku, mchanga marufuku. Akatuletea mafuta ya kula kwenye chupa ya soda tujipake mikononi, na bati la kumwagia korosho zikitoka motoni. Mama Esta alicheka kwa dharau. "Baba, bati linazima moto?" Karani akalipiga teke bakuli la majivu, likamrukia Mama Esta usoni, kisha akasimama palepale hadi vijana wake walipoyafagia majivu yote na kwenda kuyamwaga kwenye shimo la choo. Mafuta ya kwenye chupa yaliisha siku ile ile. Vidole vyetu vikaanza kutoa malengelenge, na mimi nilipomnyonyesha Somoe ilinibidi nimshike kwa viwiko, asiguswe na ngozi ile.

Mjomba wangu wa Chilangala alikuja kututembelea wakati huo. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye sauti juu ya ukoo ni mjomba, kwa hiyo Somoe alikuwa mikononi mwake kuliko alivyokuwa mikononi mwa baba yake. Nilimpigia magoti, "Shikamoo, Mjomba," akaitikia "Marahaba" huku anatazama ule ukanda mlangoni. Mawazo yake niliyasikia baadaye, nikiwa ndani nasonga ugali, yeye na Karani wamekaa kibarazani na kibuyu cha uraka, ile pombe ya mabibo. "Mwanamke hawezi kutumikia mabwana wawili," alisema Karani. Mjomba akanywa, akapangusa mdomo, akajibu taratibu, "Nimeona. Ntoto anafungwa kama mbuzi. Likitokea la kutokea hapa, nitakuja kunchukua, akalelewe na bibi yake Chilangala. Na huyu afanye kazi yake." Mwiko ulinisimama mkononi. Walikuwa wakizungumza kwa upole, na walikuwa wamekubaliana. Nisingeogopa hivyo kama wangegombana.

La kutokea likatokea siku ya upepo. Nilikuwa nimeinamia karai la kuchomea, nakoroga kwa mti mrefu, na Karani alikuwa ameketi kwenye kiti cha Mama Esta anahesabu magunia kwa macho. Mafuta ya maganda yakavuja, yakashika moto kama kawaida yake. Nikazimwaga korosho juu ya bati. Hazikunyamaza. Bati likachemka, moto ukapanda kiunoni mwangu, upepo ukaulaza upande wa nyumba. "Mchanga!" Mama Esta alipiga kelele, akapiga magoti akaanza kuparura ardhi kwa kucha, lakini ua ulikuwa umefagiliwa na kushindiliwa mpaka mgumu kama sakafu, kwa amri ya bwana yule yule. Karani aliona mali ya tajiri inateketea. Akakimbilia mlangoni, akaruka juu ya mwanangu, akachomoa ndoo ya maji ya kunywa. "Siyo maji!" tulilia wote wawili. "Siyo maji!" Akamwaga ndoo nzima.

Moto uliruka. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Uliinuka na kupasuka, na mafuta yanayowaka yakatapakaa kila upande, juu ya Karani, juu ya paa la jiko, na mlangoni, kwenye mguu wa Somoe. Mtoto alitaka kukimbia ndani, ukanda ukamrudisha. Nilifika, nikaukandamiza ule mguu kwa matiti yangu, kwa kanga, kwa chochote, moto ukazimika lakini ngozi ikaja na kanga. Fundo nililolifunga mwenyewe halikufunguka. Nililikata kwa meno. Nyuma yangu Karani, shati linafuka moshi, alikuwa anampiga Mama Esta makofi, kushoto na kulia, anapayuka, "Korosho za watu! Okoeni korosho!" Mama Esta aliyapokea makofi mawili au matatu huku ananitazama mimi na mtoto. Kisha akaingia ndani kwangu kwa utulivu kabisa, kama anayekwenda kuchukua chumvi, akatoka na mchi. Karani akainua mkono kujikinga kichwa. Mchi ukaupata mkono. Alipoanguka alimpiga tena, mgongoni, na tena, mapajani, na majirani waliokuja na matawi kuzima paa ndio waliomvuta, watu wanne, huku yeye anauliza tu, "Umesikia sauti ya mtoto sasa? Umeisikia?"

Hospitali ya Newala walitulaza kwenye chumba kirefu chenye harufu ya dawa ya kuoshea sakafu na uji. Kila walipombadilishia Somoe vitambaa nilimshika mabega, naye alinitazama mimi, siyo nesi, kama vile mimi ndiye niliyeagiza. Mgambo walikuwa wanamtafuta Mama Esta, na alikuwa ameamua kushuka Masasi kwao. Kabla ya kuondoka alipita dirishani kwetu, mchana, amejifunika kanga mpaka puani. Sikuwahi kumwona akilia, na siku ile hakulia. "Sikiliza, Mama Somoe. Watakuja kukwambia maneno ya busara. Mimi wangu nilimpeleka kwa bibi yake ili nifanye kazi kiwandani. Walinambia ni kwa muda. Sasa nikienda, Esta ananisalimia shikamoo, ananiletea kiti, anakaa mbali. Usimpe mtu huyu mtoto. Hata ukipigwa, usimpe." Akanishika vidole kupitia nondo, vidole vyake vyeusi kwa mafuta ya korosho juu ya vyangu vyeusi, akaenda zake. Watu wa leo wananiambia mambo yamebadilika, kuna sheria, kuna likizo ya uzazi. Inawezekana. Namwona Somoe anaziba sauti ya mwanawe kwa kidole na nasema inawezekana.

Siku niliyoruhusiwa kurudi nyumbani, nilikuta baiskeli ya Mjomba imeegemea ukuta na pikapu imesimama chini ya mkorosho. Karani alikuwa ameketi, mkono umefungwa plasta na kuning'inizwa shingoni, uso umebabuka upande mmoja. Msimu ulikuwa umepamba moto, na wanawake wa kutoa korosho nzima hawakuwa wengi. Hata yeye alilijua hilo. Mjomba ndiye aliyesema. "Tajiri amesamehe. Kazi ipo. Ntoto naondoka naye leo, utakuja kumwona sikukuu." Alisema kwa huruma ya kweli, na hicho ndicho kilichonitia kichaa. Nikamwambia, "Mjomba, naomba nisimtoe." Akasema, "Sikukuuliza." Akamwinua Somoe mikononi mwangu, mguu wake wa vitambaa ukagonga usukani, mtoto akapiga yowe, naye akamketisha kwenye bomba la mbele, akapanda, akaondoka.

Nilimkimbilia. Njia ya Chilangala inapita katikati ya mikorosho, mchanga mwingi, baiskeli haiendi mbio, nikaidaka keria ya nyuma. Alipiga pedali, nikaburuzwa, magoti yakachunika. Akarusha teke nyuma, likanipata mdomoni, jino likalegea, sikuachia. Baiskeli ikayumba ikaanguka, nikawahi kumdaka Somoe kabla hajafika chini, nikajikunja juu yake, kichwa chake chini ya kidevu changu. Mjomba akachomoa pampu ya baiskeli. Alinipiga nayo mgongoni, mbavuni, kisogoni. Watu waliokuwa wanaokota korosho walisimama. "Mwacheni," nikasikia mmoja anasema, "ni mjomba wake, ana haki." Nilimsikia pia Mjomba anahema, na kila baada ya pigo anasema, "Achia. Achia, mwanangu. Achia." Mara ya mwisho pampu ilimponyoka. Alisimama pale mzee wa watu, jasho linamtiririka.

"Mtakufa njaa," akasema.

"Tutakufa wawili, Mjomba."

Aliinua baiskeli yake, akainyoosha usukani kwa mapaja, akaenda Chilangala bila kugeuka. Nilimfunga Somoe mgongoni, juu ya hayo majeraha, kwa kanga mbili na mafundo mawili, nikarudi uani. Karani alikuwa bado ameketi pale pale, anasubiri jibu, na vijana wake juu ya pikapu wamekalia magunia. Nilisimama mbele yake. Damu ilikuwa inanidondoka kidevuni na sikuifuta. Nikamwambia, "Kazi nitafanya. Atakuwepo hapa, sitamfunga, na atalia akitaka kulia. Majivu yatakuwepo. Na ukinipiga, ukimgusa huyu, nitakuua, na sitatumia mchi."

Alinitazama mdomo. Akamtazama mtoto, ambaye alikuwa ameanza kulia tena kwa sauti yake yote sikioni mwangu. Kisha akageukia pikapu, akalamba midomo, akawaambia vijana, polepole, "Shusheni."